Karatasi ya bio itakuwa mikononi mwa nani?

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, siku ya pili, baada ya ripoti ya mweka-hazina. Aliyezungumza ni wa kamati ya kilimo, naye ni rapatriye kutoka Nyarugusu kama wengi wetu. Tumeyaandika kutoka kwa rekodi ya simu. Makelele na vicheko tumeviondoa, maneno tumeyaacha namna yalivyo.

 

Kamati imeniomba niongee juu ya ile kontra ya kakao. Kwa wale waliofika leo asubuhi, nieleze kwa kifupi. Miezi miwili iliyopita ilikuja kwetu sosiete moja ya kununua mazao. Jina lake sitalitaja. Hatujatia sahihi, na sitaki kesho waseme tumewachafulia jina. Watu wawili, jipu moja, kofia za bure kwa watoto. Walizunguka mashamba ya wanachama, wakahesabu miche ya kakao, wakapima mipaka kwa kile chombo cha satelaiti. Jioni wakasema: tunataka kuwaandikisha ninyi wote kuwa wakulima wa bio. Hamutalipa kitu. Sisi tutalipa wakaguzi, tutaleta mifuko, tutanunua kakao yote, na juu ya bei ya soko tutaongeza kidogo kwa sababu ni bio. Kontra ni ya miaka 5. Wakaacha kurasa 11 za Kifaransa, wakasema watarudi kuchukua sahihi.

Watu walifurahi. Mimi pia nilifurahi, sitaficha. Tangu tushuke kwenye mashua pale Baraka, ni nani amewahi kutufikia akisema nitanunua? Waliokuja walikuja kugawa: jembe, sabuni, shitingi. Kuambiwa kwamba uko na kitu cha kuuza ni heshima.

Lakini zile kurasa 11 kamati ilinipa mimi nizisome. Nimezisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kamusi. Nimeona swali moja limekaa chini ya mengine yote: karatasi ya bio itakuwa mikononi mwa nani?

Mama mmoja aliniuliza juzi pale kwenye kinu: "Hiyo bio ni mbegu ya namna gani?" Si mbegu. Bio ni namna ya kulima. Hakuna mbolea ya kiwandani, hakuna sumu ya kiwandani ya kupulizia wadudu wala ya kuua majani, hakuna mbegu zilizogeuzwa katika maabara. Unatumia samadi, majani yaliyooza, kivuli cha miti, na mikono yako. Yule mama akacheka: "Basi mama yake mama yangu alikuwa bio." Ni kweli. Na sisi tuko bio, ila tuko bio kwa umasikini. Hatupulizii dawa kwa sababu hatuna makuta ya kuinunua.

Sasa, shamba lisilo na dawa haliitwi bio kule Ulaya kwa sababu tu halina dawa. Linaitwa bio siku likipata karatasi. Kunatakiwa daftari, ramani, ukaguzi wa kila mwaka. Na kwa miti inayodumu, kama kakao na kahawa, kuna miaka 3 ya kungoja bila kutumia kitu kilichokatazwa, isipokuwa kama unaweza kuonyesha kwa ushahidi kwamba shamba halikuguswa na dawa tangu zamani. Kakao nayo inakawia miaka 3 hadi 5 kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo miche tuliyopanda mwaka jana, kama tukifungua daftari sasa, matunda na karatasi vinaweza kufika kwa wakati mmoja. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kulala mpaka mkutano wa mwaka ujao.

Sisi tuliokaa kambini hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha nguvu ya karatasi. Munakumbuka kadi ya posho. Unga uko ghalani, mafuta yako kwenye mikebe, wewe uko na njaa, jina lako linajulikana, lakini kama kadi iko kwa mtu mwingine unasimama kando ya mstari unaangalia. Wamama walioachana na waume zao, kadi ikabaki kwa mume, wanajua habari hiyo kuliko mimi. Karatasi ya bio iko vilevile. Shamba ni lako, kakao ni yako, jasho ni lako, lakini neno "bio" ni la mwenye karatasi. Siku akienda, anaenda nalo, na kakao yako inabaki kakao tu.

Inafanya kazi hivi. Mkulima mwenye nusu hekta hawezi kumlipa mkaguzi atoke mbali. Kwa hiyo wakulima wanawekwa pamoja katika kikundi, na kikundi kinakuwa na wakaguzi wake wa ndani wanaotembelea kila shamba na kuandika. Baadaye kampuni ya ukaguzi ya nje inakuja kupima kama wale wa ndani wamefanya kazi kweli. Kwa kanuni za Ulaya za sasa inarudia angalau wanachama 5 kwa kila 100, na kwa angalau 2 kwa kila 100 inachukua majani au udongo au mbegu kwenda kupima sumu. Mmoja akipulizia usiku na kikundi kikashindwa kumkamata, wote wanaweza kupoteza. Haya yote yana gharama, na gharama si ndogo, ndiyo maana mara nyingi anayelipa ni mnunuzi. Na anayelipa ndiye anayeshika. Sisemi ni roho mbaya, ni biashara.

Mutaniuliza: sasa unaogopa nini? Ngoja niwapeleke Marekani kidogo. Huko bio imetangulia, na ndugu zetu tuliokaa nao Nyarugusu wako huko kwa wingi, hata katika majimbo nitakayotaja.

Bio kule ilianzishwa na watu wadogo, wakulima waliokataa sumu, wengine walichekwa na majirani. Kuna shamba moja linaitwa Cascadian Farm, katika jimbo la Washington, lilianza mwaka 1972 na vijana waliotaka tu kulima bila dawa. Miaka ikapita, wanunuzi wakaongezeka. Mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya chakula cha bio, na alama ya serikali ikaanza kutumika mwaka 2002. Kabla hata alama haijatoka, kampuni ya General Mills, wale wa nafaka za asubuhi, ilikuwa imekwisha kununua jina la Cascadian Farm. Baada ya hapo ikawa kama soko la ng'ombe, kila kubwa akatafuta mdogo wa kununua. Mwaka 2006 Walmart, duka kubwa kuliko yote, ikatangaza kwamba itajaza bio kwenye meza zake. Mwaka 2017 Amazon ikanunua maduka ya Whole Foods kwa dola bilioni 13.7. Wafadhili wetu wengine wananunua humo mboga zao, wanajua kuliko mimi.

Kwa wengi mteja hakuona kitu. Jina lilibaki lilelile, picha ya shamba dogo kwenye pakiti ilibaki ileile. Aliyebadilika ni mwenye pakiti.

Habari ninayotaka muishike ni ya maziwa. Horizon ni jina la maziwa ya bio lililoanza mwaka 1991. Lilikua sana, likanunuliwa na kampuni kubwa ya maziwa iliyoitwa Dean Foods, baadaye mwaka 2017 likaingia mikononi mwa Danone, wale Wafaransa wa yaourt. Wakulima waliokuwa wakiliuzia maziwa walikuwa familia, wengine na ng'ombe wachache tu, huko kaskazini-mashariki: Vermont, Maine, New Hampshire, New York. Walikuwa wamefanya yote waliyoambiwa. Walingoja ile miaka ya kusafisha malisho, walijaza madaftari, walikaguliwa. Karatasi ya shamba walikuwa nayo wenyewe, kila mmoja ya kwake. Hapo walituzidi.

Mwezi wa 8 mwaka 2021 wakapata barua. Mashamba 89. Kampuni ilisema haitachukua tena maziwa yao kontra ikiisha, mwaka mmoja mbele. Sababu iliyotolewa ilikuwa usafiri: sehemu hiyo iko mbali na viwanda, kusafirisha kumekuwa kugumu. Kampuni ilikuwa inapata maziwa ya bio kwingine, kwenye mashamba makubwa. Watu walipiga kelele, wakubwa wa majimbo wakaingilia, kampuni ikaongeza miezi sita. Lakini ng'ombe hawezi kuambiwa angoja. Maziwa ukiyakosea siku mbili unamwaga.

Walikuwa na karatasi, na bado barabara ya kwenda sokoni ilikuwa ya mtu mmoja. Sasa mufikirie mtu asiye na barabara na karatasi pia si yake.

Waliowaokoa wengi wao ni akina nani? Koperative. Inaitwa Organic Valley, iko Wisconsin, ilianzishwa na wakulima mwaka 1988 na mpaka leo ni mali ya wakulima. Nayo siku hizi ni kubwa, tusidanganyane, inauza nchi nzima. Ukubwa peke yake haukumtisha mtu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mkulima mwenyewe. Iliita sehemu kubwa ya yale mashamba yaingie. Na jina la Horizon? Danone ililiuza mwaka 2024 kwa kampuni ya wenye mitaji wa California, watu wanaonunua leo na kuuza kesho, kama mtu anayeuza pikipiki.

Nilipowasomea kamati habari hii, muzee mmoja akasema: "Lakini hiyo ni maziwa, sisi tuko na kakao." Sawa, tuongee kakao.

Huko Belize, Amerika ya Kati, wako wakulima Wamaya wenye mashamba madogo kama yetu, kakao chini ya kivuli. Mwaka 1994 mume na mke wenye sokola ya bio inayoitwa Green & Black's, walitoa sokola iliyotengenezwa kwa kakao ya wale Wamaya, ikawa bidhaa ya kwanza Uingereza kubeba alama ya Fairtrade. Ilikuwa kazi nzuri, kontra ya miaka mingi, bei inayojulikana. Mwaka 2005 Cadbury ikalinunua jina. Mwaka 2010 Cadbury yenyewe ikamezwa na Kraft ya Marekani. Na mwaka 2017 zikatoka sokola mpya zenye jina lile Green & Black's, zisizo bio wala Fairtrade. Jina lilikuwa limeaminiwa kwa sababu ya wakulima, na sasa lingeweza kutembea bila wao. Kisheria hakuna kosa lolote. Jina halikuwa la wakulima tangu mwanzo.

Kuna jambo lingine nitalipita haraka, nalo ni kanuni zenyewe. Mkubwa akiingia katika nyumba, hataki kula tu, anataka pia kupanga meza. Mkulima mmoja wa Maine, Arthur Harvey, aliyelima matunda madogo ya buluu, alishtaki wizara kwamba imeruhusu vitu vya kemikali ndani ya vyakula vinavyoitwa bio, kinyume cha sheria. Mwaka 2005 mahakama ikampa haki kwa sehemu. Mwaka huohuo umoja wa wafanyabiashara wa bio ukaenda bungeni, sheria ikabadilishwa. Mkulima alishinda kesi, wakubwa wakashinda sheria.

Sasa nisionekane mtu wa kuchukia sosiete. Bila wakubwa, bio ingebaki kitu cha soko la Jumamosi la watu wenye muda. Ni maduka makubwa yaliyofanya mahitaji yawe makubwa mpaka mtu akafunga safari kufika hapa kwetu kuhesabu miche. Bei ya kakao duniani mwaka 2024 ilipita dola 10,000 kwa tani, kitu ambacho hakijawahi kuonekana, kisha mwaka 2025 ikateremka tena. Wale watu wawili na jipu lao hawakuja kwa upendo wa Fizi, walikuja kwa sababu ya bei, na hiyo ni sababu nzuri tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachouliza ni kama mwenyeji atapona.

Kuna mfano wa hapa nyumbani, tusiseme kila kitu ni cha wazungu. Pale Minova, kwenye ziwa Kivu, wakulima wa kahawa wakati wa vita hawakuwa na mnunuzi. Walikuwa wanavuka ziwa usiku kwa mitumbwi kupeleka kahawa Rwanda, wanaibadilisha kwa chumvi na nguo na sabuni, na wengi walizama. Mwaka 2003 wakaanzisha koperative yao, SOPACDI. Hawakuanza na karatasi. Walianza na kituo cha kuosha kahawa, na kuwaweka pamoja wakulima wa makabila ambayo vita vilikuwa vimewagombanisha. Mwaka 2011 wakapata Fairtrade, wa kwanza kwa kahawa katika nchi yetu, na bio pia wakaipata. Mnunuzi wa Ulaya akitaka kahawa ya bio ya kule, anaandikia koperative. Huyu akienda, barua ya mwingine inaweza kuingia. Na kuna makuta ndani yake: Fairtrade imeweka tangu mwezi wa 8 mwaka 2023 kwamba kahawa ya bio inaongezewa senti 40 za dola kwa kila ratili juu ya bei ya chini. Vita vimepita tena Minova mwanzoni mwa 2025, munajua. Sisemi karatasi inazuia risasi.

Wenzetu wa Beni na Mambasa nao, baada ya ule ugonjwa uliokausha kahawa yao, walihamia kwenye kakao. Kakao yao ni nzuri, lakini nyingi inavuka mpaka na kuuzwa kama kakao ya Uganda. Anayevuka nayo hana daftari na hana karatasi, anapokea bei anayopewa.

Turudi kwenye kurasa 11. Nitawasomea vipande vinne tu, kwa Kiswahili changu.

Article 4 inasema sosiete itaandikisha kikundi cha wakulima kwa niaba yetu, na kwa miaka 5 ya kwanza meneja wa kikundi atachaguliwa na sosiete. Article 7 inasema majina ya wanachama, ramani za mashamba na madaftari ya ukaguzi ni mali ya sosiete. Article 9: mkulima atauza kakao yake yote kwa sosiete, akiuza kwingine anaondolewa. Article 12: sosiete inaweza kuvunja kontra kwa taarifa ya siku 30. Nimetafuta mahali ambapo mkulima naye anaweza kuivunja. Hakuna. Na bei imeandikwa "bei ya soko". Soko gani? La siku gani? Kakao mbichi, au iliyochachushwa na kukauka? Haikuandikwa.

Kwa nini wanahangaika kutuandikishia kikundi, badala ya kuweka karatasi kwa jina lao waziwazi? Hapa kuna habari njema. Ulaya imebadilisha sheria yake ya bio. Ni sheria ya 2018, imeanza kutumika 2022, na kwa nchi za nje kama yetu imeanza kushika 2025. Zamani msafirishaji aliweza kuwa na karatasi kwa jina lake, na wakulima wakawa orodha tu kwenye kabati yake. Sasa sheria inasema kikundi kiwe na uhai wake mbele ya sheria, kiwe cha wakulima, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na utaratibu wake wa kuuza pamoja. Wenye mashamba ya chini ya hekta 5 wanaingia bila shida, na hapa sijui kama kuna hata mmoja mwenye hekta 5. Vizuri sana. Lakini sheria haikusema ni nani atalipa biro ya kikundi, wala ni nani atashika ufunguo. Kwa hiyo kikundi kinaweza kuwa cha wakulima kwenye karatasi, na cha sosiete kwenye kabati.

Halafu sheria hiyohiyo inasema mkulima aandikishwe katika kikundi kimoja tu kwa zao moja. Musikie vizuri hapo. Ukitia sahihi katika kikundi chao kwa kakao, huwezi kuingia katika kikundi chetu kwa kakao ileile, mpaka utoke kule. Na kutoka, article 12 haikukupa mlango.

Kamati inasema nini basi? Haisemi tukatae. Inasema tuwajibu kwa barua. Kwanza tuandikishe koperative yetu wenyewe. Nchi yetu imo katika OHADA tangu mwezi wa 9 mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya koperative inakubali koperative ndogo ya watu 5 tu kuanzia. Watu 5 ninawaona kwenye benchi la mbele peke yake. Koperative hiyo ndiyo ishike karatasi ya bio, ichague meneja wake, itunze ramani na madaftari. Sosiete ikitaka kulipa mkaguzi, karibu sana. Tuandike kuwa ni deni, wakate kidogo kidogo kwa kila kilo mpaka liishe, lakini karatasi haitoki kwetu. Bei iandikwe: ni ya soko gani, siku gani, kakao ya hali gani. Siku za kuvunja kontra ziwe sawa kwa pande zote. Na kakao ambayo hawakuja kuichukua kwa wakati, tuwe huru kuiuza. Barabara yetu ya Uvira munaijua mvua ikinyesha. Kama wakulima wa Vermont waliambiwa wako mbali, sisi tutaambiwa nini?

Muzee aliyeniuliza juu ya maziwa aliuliza tena: "Na wakikataa? Wakienda kijiji kingine?" Inawezekana. Sitawadanganya kwamba wataogopa barua yetu. Wanaweza kwenda, na tutakaa msimu, hata miwili, bila mnunuzi wa bio, tukiuza kakao kama kakao. Kuna nyumba humu ambazo msimu mmoja ni karo ya watoto, najua, yangu ni mojawapo. Maoni yangu ni kwamba msimu huo ni bei ndogo kuliko miaka 5 ndani ya kabati ya mtu. Lakini ni maoni yangu, kura ni yenu.

Sasa kwa marafiki wetu wafadhili, nina maneno mawili na musikasirike. Majembe tunayo. Kama munataka kutusaidia katika hili, mulipe mkaguzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, na mizani miwili mizuri isiyodanganya. Masanduku ya kuchachushia kakao seremala wetu wataunda, mbao ziko. Chachu ya siku 5 hadi 7 na kukausha vizuri vinaongeza bei hata kabla ya neno bio. La pili: tafadhali karatasi isiandikwe kwa jina la mradi wenu. Mradi unafungwa siku moja, jipu linarudi, na karatasi inakufa kwenye biro iliyofungwa. Kutoa kwa sosiete na kuwapa ninyi si suluhisho.

Kura itapigwa baada ya chakula. Wanaosoma Kifaransa waje tukae chini ya mwembe, tuisome kontra pamoja ili musiamini mdomo wangu peke yake. Kwa wengine, nimeitafsiri kwa mkono, imebandikwa mlangoni kwa katibu. Na daftari la mashamba tunalifungua leo, kura ikienda huku au kule, kwa sababu ile miaka 3 haianzi kuhesabiwa mpaka tujiandikishe kwa wakaguzi, na kujiandikisha kunataka daftari. Wamama ambao ni ninyi munaolima, muandikishe jina lenu, si la mume aliyebaki Nyarugusu. Daftari ni la kijani, katibu yuko nalo.